Voahirana Aombea Daraja

Kila asubuhi Voahirana alitwanga mpunga huku akihutubia. Mchi ulipopanda alivuta pumzi, ulipotua alitoa neno.

"Mimi si mkubwa wenu, ni mdogo wenu. Mahali pangu si mbele, ni kule nyuma karibu na mlango. Basi kwa kuwa nimesimama, niondoleeni lawama."

Maneno hayo aliyapata harusini. Kwetu kijijini Ankazotsara mtu hasimami mbele ya watu na kutaja haja yake papo hapo, kama anayeagiza chumvi dukani. Kwanza huomba aondolewe lawama kwa kuthubutu kusema mbele ya waliomzidi umri; huko tunakuita kuomba lawama. Wakiitikia, ndipo anaendelea. Hotuba ya namna hiyo tunaiita kabary, na msemaji hodari huitwa kutoka mbali, akapewa kiti kizuri na paja la kuku. Voahirana alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini hakuna harusi aliyohudhuria bila kuondoka na maneno yake kichwani.

"Binti yangu," mama yake aliita kutoka jikoni, "huo mpunga ulishakuondolea lawama zamani. Uache kabla haujawa unga."

Voahirana alicheka, akapepeta mchele, kisha akamwamsha mdogo wake Fetra. Walikula wali laini, wakanywa maji ya moto yaliyochemshwa pamoja na ukoko wa sufuria, wakashika njia ya mtoni.

Kitongoji chao, Ampita, kiko ng'ambo ya mto, na shule iko upande wa pili, Ankazotsara penyewe, pamoja na soko. Daraja la zamani lilichukuliwa na mafuriko miaka mitatu iliyopita. Wakati wa kiangazi watoto walivuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mvua zilipoanza, mawe yalizama, nao wakabaki nyumbani kuanzia Desemba hadi Machi. Mwaka uliotangulia Fetra alijaribu kuvuka maji yakiwa yameanza kupanda. Aliteleza, na kilichomwokoa ni mkanda wa mkoba wake, ambao dada yake aliuwahi. Mwaka huohuo Voahirana alishindwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa sababu nusu ya yaliyoulizwa yalifundishwa wakati yeye yuko ng'ambo akitazama maji. Sasa alikuwa anarudia darasa.

Baba yake, mtu asiyependa maneno mengi, alikuwa amemwambia mara moja tu. "Mwaka huu ukienda kama ule, utabaki nyumbani usuke mikeka na mama yako. Si kwamba napenda."

Ilikuwa mwanzo wa Novemba. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya vilima, yakatazama chini, yakaondoka.

Kijiji kina msitu wa mikaratusi ambao ni mali ya wote. Mwaka huo miti ishirini ilikuwa tayari kukatwa, na magogo yake yalitosha kazi moja. Wafanyabiashara walitaka paa la soko. Watu wa Ampita walitaka daraja. Jambo hilo lingeamuliwa na fokonolona, yaani mkutano wa kijiji kizima, na desturi ya mkutano huo ni kwamba kila upande husimamisha msemaji mmoja, naye husimama mara moja tu. Wazee wa Ampita walikuwa wameomba daraja miaka miwili mfululizo, wakashindwa. Safari hii Bwana Ratovo, mkuu wa kijiji, alisema, "Kila mwaka tunaambiwa wanafunzi wanateseka. Basi waje wanafunzi wenyewe watuambie."

Mwalimu Norosoa hakuhangaika kutafuta msemaji. Shule nzima ilijua ni nani anayehutubia mpaka mpunga.

Siku tano kabla ya mkutano, uliopangwa kufanyika Jumamosi, Mwalimu aliwakusanya wanafunzi uwanjani ili Voahirana ajaribu. Alisimama juu ya ngazi na sauti yake ikatoka bila kukwama. Aliomba lawama kwa walimu. Aliomba kwa wakubwa, kwa wadogo, kwa waliokaa na waliosimama, kwa waliovaa kofia na wasiovaa. Aliomba kwa waliotoka mashariki, kisha akazunguka pande zote za dunia. Mwanzoni wanafunzi waliitikia kwa furaha. Baadaye waliitikia kwa uchovu. Alipofika kwa waliozaliwa na watakaozaliwa, kengele ya chakula ililia.

Sauti ya Tolotra, mtoto wa muuza vitambaa, ilitoka nyuma. "Bi Samahani, umeomba radhi mpaka kwa kuku. Hilo daraja liko wapi?"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata wenzake wa Ampita walicheka. Hata Fetra.

Voahirana alimfuata Mwalimu darasani, macho yakimchoma. "Mwalimu, nimekosea wapi? Sikusahau hata neno moja."

"Ni kweli, hukusahau. Umesema vizuri sana," Mwalimu Norosoa alisema. "Ila sijui umesema nini. Nenda kwa Mzee Ramahefa kinyozi. Alhamisi nitakusikiliza tena. Kama ni haya haya, nitamtafuta mwingine, na usinune."

Ramahefa alikuwa na kibanda kando ya soko, kiti kimoja na kioo kilichopasuka kona. Mchana alinyoa ndevu. Siku za harusi alivaa kofia ya ukili na kusemea familia za watu, na hapakuwa na msemaji wa kumfikia katika vijiji saba. Voahirana alimkuta amempaka mteja povu mpaka masikioni. Alimweleza yaliyompata.

"Niambie kitu kimoja," kinyozi alisema bila kugeuka. "Jumamosi watu wakiinuka kwenda zao, unataka wawe wamekubali nini?"

"Kwanza, Babu, mimi si mkubwa wenu, ni—"

"Hapana. Nijibu kabla sijamaliza shavu hili."

Wembe ulianza kushuka. Voahirana alikuwa na maneno mia tatu kichwani, na hakuna hata moja lililojibu swali hilo.

"Binti, fanya haraka," mteja alinong'ona kwa uangalifu. "Povu linanikaukia."

"Nataka magogo yale ishirini yajenge daraja la Ampita kabla ya mvua," Voahirana alisema kwa mkupuo.

"Haya. Hilo ndilo ulilotumwa. Mengine yote ni njia ya kulifikia." Kinyozi alifuta wembe. "Sasa niambie, kwa nini hukulifikia?"

Alitaka kusema kengele ilimkatiza. Lakini Ramahefa alikuwa anamtazama ndani ya kioo, na mteja pia. "Naliogopa," alisema. "Maneno ya lawama nayajua, yameshasemwa na watu wengi. Ya daraja ni yangu mwenyewe. Nikiyakosea, nimekosea mimi."

Wembe ulisimama hewani. "Wako wazee wenye mvi ambao hawajawahi kukiri hilo," Ramahefa alisema. "Nami nilikuwa mmoja wao. Njoo kesho, na keshokutwa, mpaka Alhamisi. Kuomba lawama hutaacha, maana ukiacha watakuona huna adabu, wala hawatakusikia. Lakini utaomba mara moja, utangoja waitikie, kisha utaingia. Na ukiingia, uwe na kitu mkononi. Una nini?"

"Wanafunzi wengi wanakosa masomo."

"Wengi ni wangapi?"

Voahirana alianza kuwahesabu kwa vidole, vikamwishia.

"Basi kahesabu."

Siku ya pili yake alimwomba Mwalimu madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu. Wenzake walipokuwa wanacheza, yeye alikaa ofisini na penseli, akipitia jina baada ya jina. Ilikuwa kazi ya kuumiza shingo. Mara mbili alipotea akaanza upya. Alipomaliza alikuwa na hesabu ambayo hata Mwalimu hakuwahi kuijumlisha.

Kazi nyingine ilifanyika barazani kwa kinyozi. Ng'ambo ya barabara alikaa Mama Lalao, muuza viazi. Ramahefa alipatana naye kwamba akisikia neno, ainue kiazi, na asiposikia akiache mapajani. Voahirana alipaza sauti. Kiazi hakikuinuka. Alipaza zaidi, mpaka mbwa wakaamka.

"Kelele nimezisikia," Mama Lalao alijibu. "Maneno bado. Au unaniuzia samaki?"

"Unapiga kelele kwa koo," kinyozi alisema. "Weka mkono tumboni. Vuta pumzi mpaka mkono usogee. Sasa sema polepole, na usiumeze mwisho wa sentensi. Halafu unaongea na paa langu. Paa halina shida ya daraja. Mtazame mtu mmoja, mpe sentensi nzima, ndipo uende kwa mwingine."

"Na nikitetemeka, Babu?"

"Utatetemeka. Mimi magoti yangu hutetemeka kila harusi. Ndiyo maana suruali yangu ni pana."

Jumatano kiazi kiliinuka mara tatu. Alhamisi kiliinuka kila mara, na Mama Lalao akalalamika kwamba mkono unamuuma na wateja wanadhani anawatishia. Siku hiyohiyo Mwalimu Norosoa alimsikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa nimesikia. Ila mimi nilitaka kusikia. Jumamosi kutakuwa na wasiotaka."

Jumamosi asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Wazee walikaa kwenye mabenchi ya mbele, wamejitanda nguo zao nyeupe mabegani. Upande wa kulia walikuwa watu wa soko, upande wa kushoto watu wa Ampita. Mawingu safari hii yalikuja mapema, meusi kama sufuria, na Bwana Ratovo aliyatazama mara kwa mara.

Bwana Rabenja, msemaji wa wafanyabiashara, alianza. Alikuwa fundi wa maneno. Aliomba lawama kwa maneno matamu, watu wakaitikia kwa sauti moja. Aliwachekesha, akawahuzunisha, akawachekesha tena. Alieleza jinsi mvua inavyoharibu nguo na unga. "Na paa hili si la soko peke yake," alimaliza. "Ndugu zetu wa Ampita nao huuza hapa. Wakipata paa, nao wamepata."

Watu wengi walitikisa vichwa kukubali. Voahirana aliona hata mwanamume mmoja wa Ampita anatikisa kichwa.

"Ampita," Bwana Ratovo aliita. "Msemaji wenu."

Alipoinuka, alimsikia mtu upande wa kulia akisema, "Wamemleta mtoto aje kutulilia."

Voahirana aliweka mkono tumboni, akavuta pumzi. "Mimi si mkubwa wenu, ni mdogo wenu," alisema. "Nimesimama kwa sababu nimetumwa. Wakubwa wangu, niondoleeni lawama."

Kisha akangoja.

Hakuna aliyeitikia. Upepo ulipeperusha karatasi uwanjani. Nyuma kabisa Tolotra alinong'ona, "Bi Samahani," na mtu akaguna kicheko. Yale maneno yote ya harusini yalimjia kwa wingi, ya mashariki na magharibi, ya wenye kofia na wasio na kofia, yakimwomba ayaseme ajaze kile kimya. Yangekuwa rahisi sana. Aliyaacha. Alimtazama bibi mmoja aliyekaa benchi la mbele na hakuondoa macho. Alivuta pumzi ya pili, na ya tatu.

"Umeondolewa lawama, mjukuu wangu," bibi yule alisema. "Sema."

"Sema," wazee wakaitikia, na sauti ikasambaa mpaka nyuma.

"Naomba magogo ishirini yajenge daraja la Ampita kabla ya mvua," Voahirana alisema. Alihamisha macho kwa mzee mwingine. "Nimehesabu kwenye madaftari ya shule. Sisi tunaovuka mto ni wanafunzi arobaini na mmoja. Mwaka jana kila mmoja wetu alikosa siku hamsini au zaidi. Tangu daraja liondoke, tisa wameacha shule kabisa. Majina yao ninayo, mkitaka nitayasoma."

Alingoja. Hakuna aliyetaka yasomwe. Wote waliwajua.

"Nguo ikilowa huanikwa. Mimi mwaka jana nilimshika mdogo wangu kwa mkanda wa mkoba, na mkanda ule ulikuwa umeshaanza kufumuka. Tunaomba daraja mwaka huu, na paa mwaka ujao. Ndilo nililotumwa."

Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Lakini Bwana Rabenja aliomba ruhusa ya kuuliza swali, na alipewa.

"Mtoto amesema vizuri," alisema. "Ila msitu wa mikaratusi uko mlima wa upande huu, na mto uko mbali. Magogo yale atayabeba nani? Vijana wa soko?"

Hilo Voahirana hakulifikiria. Ramahefa hakulifikiria. Nyumbani kwao hawakulizungumza hata siku moja. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, aseme kwamba yote yamepangwa tayari. Watu wangeridhika. Angeweza hata kulipamba.

"Bwana, hilo sijui," alisema.

Upande wa kulia watu walicheka. Alisubiri wamalize.

"Sikutumwa na jibu lake, na nikikujibu sasa nitakuwa natunga. Wanaolijua wako nyuma yangu. Naomba waruhusiwe kujibu."

"Msemaji ni mmoja," Bwana Ratovo alisema. "Hiyo ndiyo desturi."

"Basi naomba niende niwaulize, nirudi."

Bwana Ratovo aliwatazama wazee, kisha mawingu. "Nenda. Usikawie."

Watu wa Ampita walimzunguka. "Si ungesema tu tutabeba?" mwanamume mmoja alimnong'oneza kwa hasira. "Huu ni wakati wa kupanda mpunga. Nani ana nafasi?"

"Ndiyo maana nauliza," Voahirana alisema. "Nikishasema pale mbele, sirudi kubadilisha."

Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya wote, mikono mfukoni. "Kila nyumba mtu mmoja, siku nne," alisema. "Mpunga wangu utangoja."

Mmoja mmoja walikubali, isipokuwa wawili. Voahirana aliwahesabu kwa macho, akarudi mbele.

"Nyumba za Ampita ni thelathini na mbili," alisema. "Nyumba thelathini zitatoa mtu mmoja kila moja, siku nne, kuanzia Jumatatu. Mbili hazijakubali, na sikutumwa kuzisemea."

Watu waliguna kwa mshangao. Mara sauti ikatoka upande wa kushoto, ya yule mwanamume aliyekasirika. "Sema thelathini na mbili, we mtoto. Unataka kijiji kizima kituhesabu mimi na jirani yangu?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha uwanja mzima, kulia na kushoto, na wazee nao wamo. Hata Bwana Rabenja alijifuta macho. Bwana Ratovo aliwainamia wazee, wakanong'onezana. Voahirana hakujua kama anaruhusiwa kukaa, hivyo alibaki amesimama. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia mkononi.

"Daraja mwaka huu," Bwana Ratovo alitangaza. "Paa mwaka ujao. Magogo yatabebwa na Ampita, nyumba thelathini na mbili. Sasa nendeni kabla hatujalowa wote."

Jumatatu walianza kubeba magogo. Ilichukua siku sita badala ya nne, maana siku mbili mvua ilitelezesha njia, na siku ya mwisho vijana watano wa soko walikuja kusaidia bila kuitwa. Katikati ya Desemba mto ulipanda mpaka ukafunika mawe, na watoto arobaini na mmoja wakapita juu yake kwenye daraja jipya, wakiwa na viatu miguuni.

Jumapili moja Ramahefa alikuja Ampita kumnyoa mgonjwa. Voahirana alimsindikiza mpaka darajani, akambebea sanduku la vifaa.

"Babu," alisema, "siku ile ni wapi niliposema vizuri kuliko pengine? Kwenye hesabu?"

"Hesabu ilikuwa nzuri. Sauti ilifika. Bibi yule wa mbele kwa kawaida hasikii vizuri, na alikusikia." Kinyozi alisimama katikati ya daraja kupumzisha magoti. "Lakini mimi nilikuwa natazama nyuso za watu, hiyo ndiyo kazi yangu. Waligeuka pale uliposema hujui. Bwana Rabenja ana maneno kukuzidi, na atakuwa nayo daima. Ila kuanzia pale watu walijua kwamba kila ulilolitaja kabla yake ni kweli, kwa sababu wamekuona ukikosa jibu na hukulitunga. Pumzi, macho, kungoja, hayo utayapata kwa mazoezi, kama nilivyojifunza mimi kushika wembe. Hata mwongo anaweza kuyapata. Usikubali kamwe yautangulie ukweli."

Chini yao maji ya rangi ya matofali yalipita kwa kishindo.

"Jumamosi nasemea harusi kule Ankazotsara," Ramahefa aliendelea, akipokea sanduku lake. "Njoo ukae mlangoni. Ukiona naomba lawama mpaka wali unapoa, kohoa."